Gurudumu la mbele la ndege ya Fundi

Najua nimepotea. Nilikuwa TP nyumbani Tabora, na nilivyorudi huku Mlimani nimekuta bumu halijatoka, semina zimerundikana, na mwenzangu wa chumbani kahamisha kitanda changu dirishani kwenye mbu. Hayo tuyaache. Leo nataka niwasimulie jambo lililonila muda mwingi kuliko maandalio ya somo: gurudumu la mbele la ndege.

Ndiyo, ndege. Msicheke kwanza.

Shule niliyopangiwa nilipewa Fizikia kidato cha pili na cha tatu. Mwalimu wa fildi mnamjua alivyo, anapewa vipindi vyote ambavyo wenyewe wamechoka navyo. Wiki ya pili nilikuwa nafundisha momenti ya kani, ile habari ya kani mara umbali. Watoto wanaikariri kwa Kiingereza kama wimbo, lakini ukiwauliza kwa nini mpini wa toroli ni mrefu, kimya. Basi nikaacha kitabu, nikawaambia kwa Kiswahili waniletee mfano wa kitu chochote nyumbani kwao chenye kugeuka kwenye egemeo. Mmoja akaleta mlango, mwingine kinu cha kukamua alizeti. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, nitamwita Fundi maana ndivyo wenzake wanavyomwita, akanifuata nje ya darasa akasema, "Mwalimu, mimi nyumbani nina ndege."

Nikajua ni ya maboksi. Jioni nikaenda Ng'ambo kwao. Wadau, haikuwa ya maboksi.

Ilikuwa fremu ya bomba za chuma za mraba, urefu kama mita nne, kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli yamekatiwa ekseli fupi nene, na mbele gurudumu la toroli. Mabawa yalikuwa bado ni michoro kwenye daftari la Jiografia. Injini ya pikipiki ya cc 150 ilikuwa kwenye gunia chini ya mwembe, bado anailipia kidogo kidogo. Mama yake akanipokea vizuri, nikamwamkia, akaniita pembeni. Akasema, "Mwalimu, mwanangu anakusikiliza. Mwambie aache. Ameshasema akimaliza mitihani ya Septemba anaifunga injini anakwenda nayo barabara ya Kwihara. Mimi nina huyu mmoja tu wa kiume."

Hapo nikabaki nimesimama. Ningemwambia Fundi aache, angeacha mbele yangu na kuendelea nikiondoka. Wiki nane za fildi zinaisha, mimi narudi Dar, yeye anabaki na injini yake. Na upande mwingine, mtoto aliyechomelea fremu ile peke yake kwa kuazima mashine ya jirani, unamwambiaje kwamba Fizikia mwisho wake ni kujibu maswali ya mtihani?

Nikamwambia mama nipe wiki tatu. Na Fundi nikampa sharti moja: injini ibaki kwenye gunia, na hapandi mtu, mpaka gurudumu la mbele lipimwe. Kuhusu kupaa nilimwambia wazi kwamba chochote kinachopaa katika nchi hii kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na hilo halina ujanja. Kukimbia ardhini tu tuanze nako. Akakubali haraka, nadhani alidhani gurudumu la mbele ni kazi ya jioni moja.

Niseme kidogo kwa nini gurudumu na si bawa. Watu wakisikia kijana kaunda ndege wanauliza itapaa au haitapaa. Kule Kenya miaka ya 2010 Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta, aliunda ndege yake kwa kujisomea kwenye intaneti, akaifunga injini ya gari, watu wakajaa kutazama. Ilikimbia ardhini, haikupaa, wakaondoka wakicheka. Mimi nikiangalia habari ile nawaza kinyume chao: kukimbia ardhini kwa kasi bila kupinduka ni nusu ya kazi. Ndege inaanza safari ikiwa gari la magurudumu matatu, inamaliza safari ikiwa gari la magurudumu matatu, na gari lenyewe ni baya. Halina uzito wa kutosha kushika ardhi, upepo unalisukuma ubavuni, na gurudumu linaloliongoza ndilo dogo kuliko yote.

Zamani haikuwa hivyo. Ndege za mwanzo nyingi zilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele na ubao wa kuburuza au kagurudumu kadogo mkiani. Hata zile Dragon Rapide ambazo East African Airways ilianza nazo mwaka 1946 zilikuwa za mkia. Tabu ya mkia ni kwamba kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ndege ikiyumba kidogo uzito unasukuma kuyumba kuzidi, mpaka ijizungushe yenyewe. Jaribu kusukuma mkokoteni mzigo ukiwa nyuma utaelewa. Ukiweka gurudumu puani, kitovu cha uzito kinakuwa mbele ya magurudumu makubwa na ndege inajinyoosha yenyewe. Ndiyo maana ndege ndogo nyingi za leo zina gurudumu la pua. Hata zile Skyleader za viti viwili ambazo kampuni ya Airplanes Africa inaziunganisha Morogoro, asili yake Jamhuri ya Czech, ukitazama picha utaliona mbele pale. Fundi picha yake alikuwa ameibandika ukutani juu ya kitanda.

Darasani niliwaambia habari hii kwa njia ya msafara, maana Tabora ukisema msafara kila mtu anaelewa. Mbele ya msafara wa wapagazi alikwenda kirangozi. Mpagazi wa kawaida alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Kirangozi alibeba mzigo mwepesi, kazi yake ilikuwa kuchagua njia, na wengine wote wanafuata alikokanyaga. Gurudumu la pua ni kirangozi. Libebe kidogo, lielekeze. Ukilibebesha mzigo wa mpagazi litavunjika mgongo, na ukilinyima mzigo kabisa linaelea tu, haliongozi mtu.

Halafu kuna jambo ambalo hata mimi nikilifikiria nacheka. Njia ile ya Bagamoyo kuja Tabora hadi Ujiji ilipita maelfu ya watu na pembe na shanga na watumwa, miaka na miaka, bila gurudumu. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 walikuja kwa miguu na punda. Si kwamba watu hawakujua gurudumu. Mbung'o waliua wanyama wa kuvuta. Wamisionari wa London walijaribu mwaka 1877 kuja na magari ya ng'ombe, ng'ombe wakafa njiani, wakaishia kuajiri wapagazi kama kila mtu. Gurudumu la maana lilifika Tabora na reli mwaka 1912. Na miongoni mwa ndege za mwanzo kuruka upande wetu huu, zile za Wabelgiji zilizoshambulia Kigoma mwaka 1916, zilifika Ziwa Tanganyika zikiwa vipande kwenye masanduku, zikaunganishwa palepale, na hazikuwa na gurudumu hata moja. Zilikuwa za kuelea majini. Fundi aliposikia hiyo akasema, "Kwa hiyo mwalimu, hawa walikwepa tatizo." Sawasawa kabisa.

Turudi uani Ng'ambo.

Kwanza tulipima uzito wa pua. Muuza samaki mmoja sokoni alituazima mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza, inayofika kilo 50. Nikatia kiroba cha mchanga cha kilo 60 kwenye kiti mahali pa rubani, tukafunga injini kwa kamba mahali pake bila kuiunganisha na chochote, jumla tukakadiria kilo 150. Tukainua pua kwa mizani kupitia tawi la mwembe. Kilo 30. Yaani moja ya tano ya uzito wote imekaa juu ya gurudumu la toroli. Ndege ndogo kwa kawaida pua hubeba kama sehemu moja ya kumi au inazidi kidogo. Umbali kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma ulikuwa mita 1.5, kwa hiyo Fundi akapiga hesabu chini kwa kijiti: kilo 30 mara 1.5 gawanya kwa 150, kitovu cha uzito kiko sentimita 30 mbele ya ekseli. Tukitaka pua ibebe kilo 18, kitovu kirudi sentimita 18, maana yake kiti chenye kilo 60 kirudi nyuma sentimita 30. Akakata, akachomelea upya usiku uleule. Asubuhi mizani ikasoma 18 na nusu. Wadau, sijawahi kumuona mwanafunzi akifurahia momenti ya kani vile. Kwenye mtihani wa mwezi alikuwa amepata 38.

Pili, mchezo wa kugeuka. Unawakalisha watoto wawili mkiani, pua inanyanyuka, gurudumu linaning'inia. Unalishika, unalitikisa kushoto kulia, juu chini, mbele nyuma. Bushi zikiwa zimelegea utasikia mkononi kabla hujaona kwa macho. Unalizungusha usikilize beringi. Letu lilizunguka vizuri lakini bomba la kugeukia lilikuwa limecheza, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akatafuta bomba lingine la kuvalisha ndani.

Tatu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi mimi mwenyewe, ni mahali gurudumu linapogusa ardhi. Fundi alikuwa ameliweka moja kwa moja chini ya bomba la kugeukia, wima. Macho yanaona ni sawa, ni nadhifu. Lakini angalia baiskeli yoyote, na Tabora baiskeli hazikosekani. Foki yake imelala. Ukichora mstari kwenye bomba la usukani ukaushusha hadi chini, unagusa ardhi mbele ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi linaburutwa nyuma ya mstari ule, na kitu kinachoburutwa kinajinyoosha. Hata magurudumu ya vitoroli vya supamaketi yamewekwa nyuma ya pini yake kwa sababu hiyohiyo. Letu halikuburutwa, lilikuwa halina sababu ya kuchagua mbele wala nyuma.

Tukalijaribu hivyohivyo makusudi, aone. Kiwanja cha mpira, saa kumi na mbili asubuhi, tumemwaga majivu mstari mrefu ili alama zionekane. Vijana sita wakavuta kwa kamba mbio. Alama ya nyuma ilikuwa mistari miwili mizuri. Ya mbele ilikuwa kama mlevi anarudi kutoka pombe za kienyeji, inakwenda kushoto, inasita, inageuka ubavu inaburuza, inarudi. Fundi akainama akaitazama muda mrefu. Sikumwambia kitu.

Akatengeneza uma mpya, wa kurudi nyuma sentimita 8. Tukavuta tena. Alama ya mbele ikakaa katikati ya zile mbili kama imepigwa rula. Vijana wakashangilia, mmoja akaanza kuimba nyimbo za Simba hata sijui zinahusiana vipi.

Ndipo nikawaambia bado. Tulimuomba bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye akili zake, atuvutie polepole akisoma spidi. Kilomita 10 kwa saa, safi. Kilomita 15, safi. Ilipokaribia 20 gurudumu likaanza kupiga kushoto kulia kushoto kulia, haraka kiasi huoni tairi, unaona ukungu tu, na fremu nzima inatetemeka kama ina homa. Waliowahi kusukuma kitoroli pale Mlimani City wanalijua hili, lile gurudumu moja linalopiga-piga ukitembea haraka. Kwenye kitoroli ni kero. Kwenye ndege linakata bolti.

Dawa yake ni msuguano. Gurudumu lazima liwe zito kidogo kugeuka. Kwenye ndege kama Cessna 172 gurudumu la mbele limeunganishwa na pedeli za rubani na kuna kifaa maalumu cha mafuta kinachozuia mtetemo. Lakini ndege nyingi ambazo watu wanajiundia wenyewe, kama zile za Van's za Marekani zenye gurudumu la mbele, gurudumu linageuka huru, rubani anaongoza kwa breki ya upande mmoja mmoja, na kinachozuia mtetemo ni washa za springi zilizobanwa na nati. Na linapimwa vipi? Kwa mizani ya ndoano! Ileile ya muuza samaki. Unanyanyua pua, unafunga ndoano kwenye ekseli, unavuta kwa ubavu taratibu, unasoma namba pale gurudumu linapokubali kugeuka. Kwenye RV za viti viwili zile wanataka kama kilo 10 hadi 12. Letu lilikubali kwenye kilo 1. Yaani lilikuwa halikatai kitu.

Ndege yetu ni nyepesi zaidi kwa hiyo hatukuiga namba, tulipandisha kidogo kidogo. Kilo 3, tukavuta na bodaboda, mtetemo ukaanza kwenye 25. Kilo 5, ukaanza karibu na 30. Kilo 6, tukafika 30 kimya. Fundi akaandika zote kwenye daftari la Jiografia, safu mbili, akachora grafu bila kuambiwa. Nati akaipiga kotapini isijifungue. Nikamuonya pia kwamba ukibana sana ni tatizo lingine, breki inashindwa kuligeuza na ndege inakwenda inakotaka.

Halafu kuna jambo la Tabora yenyewe, la mwinuko. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 30, hewa yetu ni nyepesi kiasi cha asilimia 18 hivi kuliko ile hewa ya kawaida ya pwani inayotumika kwenye vitabu vya ndege. Bawa linahitaji kasi zaidi ili linyanyue uzito uleule. Kipimo cha ndege kikisoma kilomita 80 kwa saa, ardhini unakimbia kama 88. Bawa halijui tofauti, lakini gurudumu linajua. Kwa hiyo gurudumu lililopimwa vizuri Dar si lazima liwe zuri Tabora mchana wa Septemba. Fundi alikuwa anapanga kupimia kasi ya pwani kwa sababu ndiyo aliyoiona kwenye intaneti.

Jaribio la mwisho lilikuwa Jumamosi. Mama yake alikuja. Sikumwalika, alikuja mwenyewe na kitenge chake akasimama kwenye kivuli mbali. Tulikuwa tumeshakubaliana tuvute 30 kwa urefu wote wa kiwanja, kiroba cha mchanga kimefungwa kitini kwa mikanda. Fundi aliniomba apande yeye badala ya kiroba. Aliomba vizuri, kwa adabu, mbele ya wenzake: "Mwalimu, tumeshapima kila kitu." Nikamwambia hapana. Akanuna, akafunga mkanda wa kiroba kwa hasira mpaka nikamwambia usikikabe.

Bodaboda akaondoka. 10, 20, anainua kidole, 30. Kimya kabisa, hakuna mtetemo. Alama kwenye majivu imenyooka. Kwenye theluthi ya mwisho ya kiwanja kuna sehemu watoto huwa wanachimba mchanga. Gurudumu la toroli likazama kidogo tu, sentimita chache. Lakini uma wetu mpya, ule wa kurudi nyuma, ncha yake ya mbele ilikuwa chini sana. Ikagusa ardhi, ikachoma kama jembe. Bomba likajikunja kwenda nyuma chini ya fremu, pua ikazama, mkia ukanyanyuka juu taratibu, taratibu kweli, nilipata muda wa kusema "aah", kisha yote ikalala kifudifudi. Bodaboda aliachia kamba akasalimika. Kiti kilikuwa chini. Kiroba kilikuwa kimepasuka pale ambapo kichwa cha mtu kingekuwa, na bomba la mbele limepita katikati ya mchanga.

Hakuna aliyecheka. Mama yake alikuja mbio hadi pale, akakitazama kiroba, akamtazama mwanawe amesimama na daftari, akaketi chini kwenye majivu.

Jambo hili si la Fundi peke yake. Zile RV za Van's, zenye miguu ya mbele myembamba, ziliwahi kukunjika pua hivihivi kwenye viwanja laini na kupinduka, na watu waliziunda kwa vitabu na vifaa kamili. Mwaka 2007 kampuni ilitoa maelekezo ya kubadili uma ili ukae juu zaidi ya ardhi. Ndiyo maana pia rubani kwenye kiwanja cha mchanga huvuta usukani nyuma tangu anaanza kukimbia, ili kupunguza mzigo wa pua. Na anayetua kwa kasi kisha akasukuma usukani mbele, ndege inageuka toroli, uzito wote mbele, kirangozi kabebeshwa msafara mzima. Nilimweleza Fundi haya baadaye, si siku ile. Siku ile tulizoa mchanga.

Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ni ule uma uliokunjika. Alikuwa ameupima kona ya mkunjo kwa protrakta, akahesabu ncha ilikuwa sentimita 4 tu juu ya ardhi wakati tairi limejaa upepo, na chini ya hapo tairi likibonyea. Akaniuliza, "Mwalimu, ungekuwa mita ngapi ndiyo salama?" Nikamwambia hilo swali si la kidato cha tatu, na si langu pia, ni la watu wa uhandisi. Nilivyorudi huku nimempata mwanafunzi wa mwaka wa nne pale Uhandisi, amekubali kumwandikia, sharti injini ibaki kwenye gunia. Mama naye amekubali gunia likae chumbani kwake, chini ya kitanda chake yeye. Aliniambia kwa simu: "Anayelitaka aje aniamshe kwanza."

Msimamizi wangu wa TP alikuja kunikagua wiki ya sita, nikafundisha momenti kwa uma uliokunjika mezani na mizani ya samaki imening'inia kwenye boriti. Darasa zima lilitaka kuvuta. Aliandika kwamba zana ni nzuri ila ninachanganya sana Kiswahili. Kweli nachanganya.

Juzi Fundi amenitumia picha ya uma mwingine, safari hii wa bomba nene, na gurudumu kubwa zaidi la pikipiki. Nimemjibu aanze upya yote: uzito wa pua kwanza, maana gurudumu lile ni zito, halafu kucheza kwa bushi, halafu mizani, halafu kiroba. Ameniuliza kiroba kingine anapata wapi. Nimemtumia elfu tatu kutoka kwenye hela ya chakula, kwa hiyo wadau wa Hall, nikionekana nazunguka mezani kwenu saa ya ugali msishangae.

Ni hayo tu kwa leo, umeme wenyewe unachezacheza hapa na sijamaliza kusoma ya semina ya kesho.